Hii Nane Umeitoa Wapi?

Namba yenyewe ilikuwa 31.08. Niliiandika kwa wino wa bluu katika daftari la mazoezi ya Fizikia, kwenye jedwali, mkabala na urefu wa sentimita 60. Ilikuwa mwaka 1998, nikiwa Kidato cha Tatu katika shule moja ya sekondari milimani Usambara, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kiasi kwamba wenzangu walinipa kazi ya kuandika kwa niaba ya kundi zima.

Sasa nimetimiza zaidi ya miaka ishirini katika maabara ya hospitali. Wanafunzi wanaoletwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo, wakishanizoea, huniuliza niliingiaje kwenye kazi hii. Naona wazi wanasubiri habari ya msiba, au ya mgonjwa aliyeponea chupuchupu. Wenzangu wapo walioingia kwa njia hiyo, nami nawaheshimu. Mimi niliingizwa na tarakimu moja, ile nane ya mwisho.

Waliosoma sayansi wanalikumbuka jaribio la pendulamu. Unafunga kipande cha chuma kwenye uzi, unaning'iniza uzi kwenye stendi, unapima urefu wake, kisha unakivuta chuma kidogo upande mmoja na kukiachia. Kinakwenda na kurudi. Unahesabu mara 20 huku mwenzako ameshika saa. Unabadilisha urefu, unarudia. Mwisho unachora grafu, na kutoka kwenye mteremko wake unaitafuta g, yaani mchapuko, kiwango ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka. Kitabu kilisema jibu ni 9.81. Darasa zima lilikuwa na jibu mkononi kabla mtu hajagusa uzi.

Tulikuwa wanafunzi zaidi ya arobaini na saa za kupimia zilikuwa mbili, moja ina kioo kilichopasuka. Hiyo ya kioo kilichopasuka ndiyo iliyolifikia kundi letu, zikiwa zimebaki dakika kumi na tano kengele ilie. Tulipima urefu wa kwanza kwa pupa, mtu akaigonga meza, chuma kikaanza kuzunguka badala ya kwenda na kurudi, na wenzangu wakanigeukia. Hesabu zilikuwa upande wangu. Nikachukua kanuni, nikaigeuza, nikaweka 9.81 mahali pake, na kwa msaada wa kitabu cha majedwali nikaupata muda wa kila urefu bila kuugusa uzi tena. Sentimita 100, 80, 60, 40, 20. Kengele ilipolia jedwali lilikuwa limekamilika. Wanafunzi wa Tanzania wana jina la kazi hiyo: kupika data. Zetu ziliiva, na nukta za grafu yangu zililala juu ya mstari kama shanga zilizotungwa.

Sikuona haya yoyote. Nalitaja hili kwa sababu mtu anayesimulia kosa la zamani hupenda kujivika majuto ambayo siku ile hakuwa nayo. Hatukudhani tunasema uongo. Tulidhani jaribio ni namna ya kumwonyesha mwalimu kwamba somo tumelielewa, na somo kweli tulikuwa tumelielewa. Pendulamu ilikuwa pale kama picha ya kitabuni, ya kutazamwa tu.

Maabara ile ilikuwa na mzee wake. Hakuwa mwalimu, ingawa sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa anatunza funguo, anaosha vyombo, anachanganya kemikali za mazoezi ya Kemia, anakata kuni za kuchemshia maji siku gesi ikiisha. Koti lake lilikuwa jeupe zamani. Alikuwa na kauntabuku nene yenye jalada jekundu, na humo aliandika kila kitu: bika iliyovunjika na tarehe yake, chupa ya asidi imebaki kiasi gani, stendi ipi inalegea. Tuliona ni tabia ya wazee, basi.

Alasiri ya siku ya pili yake akanitumia ujumbe kwa kiranja nifike maabara.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo."

Daftari langu lilikuwa mbele yake, na pembeni ile saa yenye kioo kilichopasuka. Alinisogezea saa. "Itazame. Kati ya sekunde na sekunde kuna vistari vingapi?"

Nikainama. Vilikuwa vinne vidogo, vinavyoigawa sekunde mafungu matano.

"Kwa hiyo ukiisimamisha, mshale unaweza kusimama wapi?"

"Nukta mbili, Mwalimu. Nukta nne. Nukta sita. Nukta nane. Au sekunde kamili."

Akaweka kidole kwenye jedwali langu, juu ya 31.08. "Hii nane umeitoa wapi?"

Nilinyamaza. Ningeweza kusema ni wastani wa vipimo kadhaa, na wastani kweli unaweza kuangukia popote, lakini kichwa cha safu nilikuwa nimekiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, kwamba kila urefu umepimwa mara moja. Saa ile haikuwa na uwezo wa kuniambia nukta sifuri nane hata kama ingetaka. Nikahisi joto likipanda shingoni. Mpaka leo, nikikuta namba iliyo safi kuliko chombo kilichoitoa, joto lile hunirudia palepale.

Hakunifokea wala hakutaja mwalimu mkuu. Alisimamisha stendi, akaufunga uzi, akanipa rula nipime sentimita 60 kutoka penye kifundo hadi katikati ya chuma, akaniambia nihesabu 20. Nikapata 31.4. Akasema nirudie. 31.6. Nirudie tena. 31.0.

"Hazilingani, Mwalimu."

"Ziandike."

"Niandike ipi?"

"Zote. Wewe umeziona zote."

Nilitumia alasiri mbili kulirudia jaribio zima, urefu mmoja baada ya mwingine, mara tatu tatu. Yeye aliendelea na shughuli zake, akifuta meza, akipanga chupa. Nilipochora grafu mpya, nukta zilitawanyika, moja juu ya mstari, nyingine chini, na g yangu ikatoka 9.64. Nikalipeleka daftari. Nilipewa alama 6 kati ya 10. Wenzangu wa kundi, walionakili jedwali langu la kwanza, walipewa 9.

Iliniuma sana, na kwa muda mrefu. Nilimwendea mzee nikamwonyesha, nadhani nilitaka aende kunitetea. Alisoma, akanirudishia, akasema, "Umepata sita kwa ulichokiona." Akarudi kwenye kauntabuku yake.

Kwa nini basi sikumchukia? Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu katika alasiri zile mbili kitu kilikuwa kimenitokea ambacho alama hazikuweza kukifuta. Mara ya kwanza maishani nilikuwa nimeuliza swali ambalo jibu lake sikulijua, na kitu kisichokuwa mtu kikanijibu. Chuma kile hakikujali mimi ni hodari wa hesabu. Hakikujua 9.81. Kilikwenda na kurudi kwa kadiri yake, na kazi yangu ilikuwa kukifuata kwa macho na mkono, nikiwa na pumzi zangu na uzito wa kidole changu kwenye kitufe. Kulikuwa na utulivu ndani ya kazi ile ambao sikuwahi kuupata kwenye kukariri. Niliutaka tena.

Miaka mingi baadaye, mwanangu akiwa naye amefika kwenye pendulamu, nilikaa naye kusoma nikakutana na habari ya Jean Richer. Huyu alikuwa Mfaransa aliyepelekwa Cayenne, Amerika ya Kusini, mwaka 1672 kufanya vipimo vya anga. Alibeba saa ya pendulamu iliyorekebishwa vizuri Paris. Kule karibu na ikweta ikawa inachelewa dakika mbili na nusu hivi kila siku. Ili iende sawa ilibidi aifupishe pendulamu kwa takriban milimita 3. Wapo wakubwa wa sayansi wa wakati huo waliodhani amekosea, pengine joto limeurefusha ufito wa chuma. Lakini Richer alikuwa amerudia vipimo vyake kwa miezi, akaviandika. Newton alivichukua vipimo hivyo kuwa ushahidi kwamba dunia haiko duara kamili: imetuna penye ikweta, na huko uvutano ni hafifu kidogo.

Nilifunga kitabu. Nilikuwa sijawahi kulijua hilo. Ile 9.81 ni namba ya Paris na London. Kwenye ncha za dunia ni 9.83. Kwenye ikweta ni 9.78, na Usambara, nyuzi tano hivi kusini ya ikweta na juu milimani, ni hiyo hiyo 9.78. Kwa hiyo mwaka 1998 nilikaa kwenye meza ya maabara, miguu yangu ikiwa juu ya udongo wa Usambara, nikapika data ili zifikie namba ya mji wa mbali. Vyombo vyetu visingeweza kuionyesha tofauti hiyo ndogo, najua. Hata hivyo ilinigusa. Kitabu hakikuwa na namba ya kwetu, na sisi tulioishi hapo hatukudhani kwamba tunaweza kuipima.

Nikitaja Usambara na sayansi, msomaji ameshamkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa ya kugombania, basi yeye akayaweka ya kwake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena na mwalimu akamfanyia mzaha, akaziita hesabu zake "za Mpemba", na darasa zima likamwiga. Kisha akaja mgeni kutoka Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, mwanafizikia. Mpemba akasimama akauliza mbele ya wote kwa nini maji ya nyuzi 100 yanaganda kabla ya maji ya nyuzi 35. Wenzake wakaona amewaaibisha. Osborne alisema hajui, na akaahidi kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na jina la kijana wa Tanzania likaingia kwenye fizikia ya dunia.

Habari hii inasimuliwa mara nyingi, na kila msimulizi huisimulia kwa kumtazama Mpemba au Osborne. Mimi nilipoisoma nilimwona mtu wa tatu. Osborne aliporudi chuoni hakulifanya jaribio mwenyewe, alimpa fundi wa maabara. Fundi akalifanya, akarudi na taarifa kwamba ni kweli, maji yaliyoanza yakiwa moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Makala yenyewe haimtaji jina. Watu wanacheka wakifika hapo, kwa sababu alikuwa akilisubiri jibu la kitabu. Lakini angalieni mpangilio wa maneno yake. Alianza na alichokiona. Hakukiamini, kilikwenda kinyume na yote aliyofundishwa, na bosi wake angeridhika kama angesema hakuna kitu. Akataja alichokiona kwanza, ndipo akaweka maoni yake nyuma. Angekuwa mpishi wa data, jina la Mpemba tusingelijua. (Mabishano bado yapo. Utafiti wa mwaka 2016 uliyarudia majaribio kwa uangalifu ukakosa ushahidi wa kuridhisha, na mwaka 2020 wengine wakaonyesha jambo la namna hiyo kwa vitone vidogo vya kioo ndani ya maji. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.)

Jambo jingine katika maisha ya Mpemba linanifanya niwe mwangalifu ninapoulizwa kuhusu "siku iliyobadilisha maisha". Yeye siku hiyo alikuwa nayo, kubwa kuliko ya wengi wetu. Na hakuwa mwanafizikia. Alikwenda Mweka, kwenye chuo cha wanyamapori chini ya Kilimanjaro, na kazi yake ya maisha ikawa wanyamapori. Siku ya maziwa ilimpa jina, lakini kazi ilimjia kwa njia nyingine. Kwa hiyo ninaposema nane ile iliniingiza maabara, sisemi kwamba nilitoka pale nikijua ninakokwenda. Baba alitaka niwe mwalimu wa shule ya msingi, kama shangazi. Nilipomaliza Kidato cha Nne mwaka 1999 nilikaa nyumbani karibu mwaka mzima nikiuza maharage na mapeasi sokoni pamoja na mama. Tangazo la nafasi za masomo ya maabara ya afya niliona limebandikwa ofisi ya kata, na kati ya kozi zote zilizoorodheshwa hilo ndilo neno pekee lililonifanya nisimame. Maabara. Niliomba, nikakubaliwa.

Chuo nakipita haraka, kilikuwa chuo kama vyuo vingine. Niende kwenye slaidi.

Niliajiriwa mwaka 2004, hospitali ya wilaya, na kwa miaka ya mwanzo kazi yangu kubwa ilikuwa kusoma slaidi za malaria. Unamtoboa mgonjwa kidole, unaweka matone mawili ya damu kwenye kioo. Moja unalitandaza liwe jembamba, jingine unalizungusha libaki nene. Linakauka. Unatia rangi ya Giemsa, unasubiri, unaosha taratibu, unasimamisha kioo kikauke. Kisha unaweka tone la mafuta na kushusha lenzi kubwa mpaka iliguse. Hapo unaingia katika dunia ya zambarau. Kimelea cha malaria, kikiwa kichanga, ni kama pete ndogo yenye jiwe moja jekundu. Rangi ikiwa na uchafu, uchafu nao utajifanya pete. Ndiyo maana huruhusiwi kusema hakuna mpaka umepita sehemu 100 za slaidi, moja moja, ukisogeza kioo kwa vidole. Ukiwa mzoefu na hujachoka, ni kazi ya dakika kumi hivi. Na asubuhi moja ya msimu wa mvua dirishani kwangu zilikuwa zikifika fomu sitini.

Piga hesabu hiyo mwenyewe. Dakika mia sita kwa macho mawili.

Kila Mtanzania wa umri wangu anajua "plus". Nina malaria plus moja, plus mbili. Plus moja maana yake ni vimelea 1 hadi 10 katika sehemu 100, yaani kidogo sana, karibu na hakuna kabisa. Na hapo ndipo mkono wa mtu aliyechoka huteleza. Mgonjwa ana homa, tabibu ameshaamua ni malaria, mama ametoka mbali na anataka jina la ugonjwa wa mwanawe. Ukiandika hakuna vimelea, mlango utafunguliwa uulizwe kama darubini yako ni nzima. Ukiandika plus moja, kila mtu anakwenda kwa amani. Nimefanya kazi na watu wema, wacha Mungu, ambao walikuwa wakiandika plus moja bila kuona kitu, na wangeapa kwamba wanamsaidia mgonjwa. Kama mimi na pendulamu, hawakudhani ni uongo. Jibu walikuwa nalo tayari.

Mwaka uleule nilioajiriwa, jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali za Kilimanjaro na Tanga, mikoa yetu kabisa. Watafiti walizisoma wenyewe slaidi za wagonjwa 4,474 waliokuwa wamelazwa kwa malaria kali. Wenye vimelea walikuwa 2,062, asilimia 46. Zaidi ya nusu walikuwa wanatibiwa malaria wasiyokuwa nayo, na waliokufa walikuwa wengi zaidi upande huo usio na vimelea, pengine kwa kuwa ugonjwa wenyewe uliachwa ukiendelea. Niliusoma utafiti ule baada ya miaka kadhaa, na nilikaa kimya muda mrefu. Nyuma ya namba zile kuna watu waliochungulia darubini, na wengine ambao hawakuchungulia.

Nitasimulia usiku mmoja tu. Sitasema ni hospitali gani wala mwaka gani. Aliletwa mtoto wa miaka mitatu, moto kama jiko, amekwishapata degedege mara mbili njiani. Fomu ilikuwa imeandikwa malaria kali, na mtoto ameshaanzishiwa dawa. Nilisoma sehemu 100. Hakuna. Nikaandika. Baada ya robo saa fomu ikarudi, juu yake neno moja: "Rudia." Nikatengeneza slaidi mpya, nikabadilisha rangi nisije nikawa nimekosea, nikasoma sehemu 200. Mkono ulikuwa unatetemeka, nilikuwa peke yangu zamu, na ilikuwa saa nane usiku. Nilikiona kitu katika sehemu ya mia moja na arobaini hivi, kitone chekundu pembeni ya chembe. Moyo ukaruka kwa furaha, nami naikumbuka furaha ile kwa hofu. Nikakizungushia lenzi. Hakikuwa na pete. Kilikuwa uchafu wa rangi.

Niliikuta sauti ya mzee wangu ikinisubiri palepale. Hii nane umeitoa wapi?

Niliandika tena hakuna, nikaichukua fomu kwa mkono wangu, nikavuka uwanja hadi wodini. Nilimwambia daktari, "Nimeangalia mara mbili, sehemu 300 kwa jumla. Hakuna vimelea ninavyoviona." Alinitazama. Naye alikuwa amechoka kama mimi. Kisha akaenda kwa mtoto, akamwinua kichwa, na shingo ilikuwa ngumu kama ubao. Walimtoa maji ya uti wa mgongo usiku uleule, wakaniletea kichupa. Maji yale hupaswa kuwa angavu kama ya chemchemi. Yale yalikuwa na ukungu. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alibadilishiwa dawa kabla ya alfajiri, na wiki mbili baadaye niliona mama yake akipita dirishani kwangu amembeba mgongoni. Sikio moja lilikuwa limeathirika. Alikuwa anatafuna muwa.

Siku hizi kuna vipimo vya haraka vya malaria, na tangu mwaka 2010 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtu apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Vijana hawazioni tena fomu sitini kwa asubuhi. Nafurahi kwa ajili yao na kwa ajili ya wagonjwa. Mashine nazo zimekuja na namba zao safi, na kila mwanafunzi akifika namfundisha kwanza jambo moja, kujua chombo chake kinasoma hadi nukta ya ngapi.

Miaka michache iliyopita, nikiwa likizo nyumbani, nilisikia kwamba mzee wa maabara bado yu hai, anaishi kwa binti yake, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwetu. Nilimpelekea sukari na majani ya chai. Alikuwa amepita miaka themanini, macho yamefifia, akili kama wembe. Nilijitambulisha, nikasimulia habari ya nane kwa urefu. Alinisikiliza kwa adabu. Hakunikumbuka. Wanafunzi waliopita mikononi mwake walikuwa wengi mno, na huenda niliokuwa nikidhani ni mkasa wangu peke yangu ulikuwa kazi yake ya kila mwezi.

Ila nilipotaja saa yenye kioo kilichopasuka, uso ulimwangaza.

"Ile ilikuwa inakimbia," alisema. "Nilikuwa naipima kwa redio. Naianzisha kwenye mlio wa saa moja, naisimamisha kwenye mlio wa saa mbili. Kila mara inazidi sekunde 24. Miaka yote, 24. Niliandika kwenye kauntabuku."

Nilimuuliza kwa nini siku ile hakuniambia kwamba saa ni mbovu. Nilikuwa nimepewa sita kati ya kumi, na nilishangaa kuona kwamba alama ile bado naikumbuka kwa uchungu.

"Ningekuambia, mwanangu, ungezirekebisha kabla hujaziandika."

Tulikunywa chai. Aliniuliza habari za darubini za siku hizi, nikamweleza, akawa anatikisa kichwa kwa mshangao. Jua lilipoanza kuegemea mlimani nikaaga, maana njia ile haifai gizani.

Usiku, nyumbani kwa mama, nililala nikaamka. Nikawasha simu, nikatafuta karatasi. Sekunde 24 kwa saa ni nukta nne kwa kila dakika. Kama saa ilikuwa inatangulia kiasi hicho, basi muda wote nilioupima ulikuwa mrefu kuliko muda wa kweli, na g yangu ikatoka ndogo. Nikagawanya 60.4 kwa 60. Nikaizidisha kwa yenyewe. Nikachukua ile 9.64 ya alasiri zile mbili, pamoja na mitawanyiko yake, mikono yangu ya miaka kumi na saba, na uzi wa kushonea, nikaizidisha. Najua bahati nayo ilikuwemo, jaribio lile halina usahihi wa kiasi hicho. Nilirudia hesabu mara tatu hata hivyo, nikaandika zote tatu.

9.77.